Harufu ya Shimo na Harufu ya Mguu Wangu

Nimestaafu makumbi mwaka huu. Hakuna aliyenipigia makofi wala kunivisha shada. Nilichopewa ni magongo mawili ya kutembelea, na mojawapo ni fupi kuliko mwenzake. Nina miaka hamsini na tatu, mguu mmoja na nusu, na elimu ya darasa la nne, tena la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu bamvua, zile siku maji yanapokupwa mbali kabisa, iliangukia wiki ya mtihani na mama akaona bora mtihani ungoje. Nayaandika haya kwa ajili yenu wanangu mliobaki kule matopeni Moa. Nitataja majina. Atakayejikuta humu akataka kuja kuniomba radhi, karibu, ila asilete sukari. Nimekatazwa.

Kazi yetu ni kuozesha. Wengine wanapika, wengine wanashona, sisi tunaozesha. Kumbi ni lile ganda la nje la nazi, lenye nyuzi. Unachimba shimo kwenye tope, kule maji yanakofika na kurudi, unayapanga makumbi humo, unayafunika kwa tope na mawe, unaondoka. Unarudi baada ya miezi, bahari ikiwa imekupwa sana, unafukua. Nyama ya kumbi imeshaoza, zimebaki nyuzi. Unaweka juu ya gogo, unapiga kwa gongo, unaosha, unaanika. Hapo ndipo unapata usumba, na usumba ndio unaosokotwa kamba. Mnalijua hilo, lakini naliandika kwa sababu daftari hili linaweza kuangukia mkononi mwa mtu wa Usagara ambaye kamba anaiona dukani tu, akadhani inaota.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu, Bi Mgeni, Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, viganja vipana kama kafi za mtumbwi, na hakuwahi kumsifu mtu ambaye bado anapumua. Siku ya kwanza nilimkuta tayari yuko tope hadi magotini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi utatapika."

Nilitapika. Hakunicheka wala hakunipa pole. Alisubiri nimalize, akavunja kumbi moja vipande viwili, akanisogezea puani.

"Linanukaje?"

"Linanuka uozo."

"Uozo gani? Uozo una majina, mwanangu. Ukisema uozo tu ni sawa na kusema mtu kaja."

Akanifundisha majina. Kumbi likinuka jani bichi, lirudishe lilale. Likinuka yai viza, hilo limeiva, lipige. Likinuka mzoga, umechelewa, nyuzi zake zitakukatikia mkononi. Mwezi wa kwanza sikuwa natofautisha chochote, vyote kwangu vilikuwa choo. Lakini pua ni kama mkono, ukiitumia inazoea. Kufika mwaka wa pili nilikuwa napita kando ya shimo la mtu nikiwa nimesimama wima na naweza kumwambia, shoga, hilo bado wiki tatu. Watu wa kijijini wakituona tunarudi wanaziba pua kwa kanga. Sisi wenyewe hatunusi kitu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Bi Mgeni huyo huyo ndiye mshitakiwa wa kwanza katika daftari hili, na marehemu anisamehe. Ndiye aliyesema matopeni hakuendwi na viatu. "Kiatu kinazama, mguu unarudi." Tukaamini. Miaka thelathini na nane nimekanyaga tope peku, na kwa miaka thelathini na saba mguu ulirudi kweli.

Kulikuwa na sheria moja tu kule: shimo la mtu halifunguliwi na mwingine. Aliyefukia ndiye afukue. Mtu akienda kufiwa, shimo lake linamngoja. Akijifungua, linamngoja. Wifi yangu Saumu, dada wa mume wangu, ndiye mtu pekee niliyewahi kumkuta ameinama kwenye shimo langu, makumbi yangu sita tayari yapo ubavuni mwake.

"Wifi, hilo shimo langu."

"Hee! Kumbe? Mashimo yote yanafanana haya, wifi yangu."

"Hata waume wanafanana. Mbona wa kwako hujamkosea?"

Wenzetu walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tope. Saumu hakucheka. Tulinuniana mpaka Idi, tukapatanishwa kwa sahani ya maandazi, lakini toka siku ile nilijua kwamba yule mwanamke akishika kitu chako kwa mapenzi, kihesabu mara mbili.

Sasa niwape habari ya mguu.

Ilianza na kiu. Miaka michache iliyopita nilianza kunywa maji kama punda, na kuyatoa vilevile. Nikiamka naenda uani, nikirudi nakwenda tena. Kisha wakaja sisimizi. Walikuwa wakijipanga pale pa kuogea, mahali pale pale ninapochuchumaa mimi, na si pengine. Nikamwonyesha Saumu, kwa sababu nyumba zetu zinapakana.

"Wifi yangu mtamu," akasema, "hata wadudu wanajua."

Tukacheka wote wawili. Sisimizi hawakucheka, wao ndio walikuwa na akili pale. Mkojo ulikuwa na sukari. Ningewafuata sisimizi zahanati siku ile, ningekuwa bado nawasumbua matopeni.

Baada ya kiu ikaja ganzi. Nyayo zilianza kama kuvaa soksi ambazo sikuzivaa. Wenzangu wakikanyaga jiwe wanaruka, mimi napita. Maji ya alfajiri yakiwa baridi, vijana wanachechemea, mimi nimesimama kama nguzo. Nilidhani ndio ubingwa. Nilidhani kazi imenikomaza. Nikawa najisifu mbele yenu, na mlinisikia: "Nyie watoto wa siku hizi miguu yenu ya mayai." Mshitakiwa wa pili, basi, ni mimi.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yamekwenda mbali, tuko wanawake tisa. Nimemaliza kufunika shimo la mwenzangu niliyekuwa namsaidia, natembea kurudi kwenye mchanga mkavu. Nikaona damu, matone matone, yamepangana vizuri.

"Jamani," nikasema, "nani anavuja damu?"

Kila mtu akainua unyayo wake akatazama. Nami nikainua. Gamba la chaza lilikuwa limeingia chini ya kidole gumba, limesimama humo kama limepandwa. Na mimi nimelitembelea mwendo wote ule bila habari. Wengine walinipa pole, wengine walinitazama kwa macho ya kuogopa. Saumu alifika mbio, kwa sababu kwenye jambo la mtu mwingine yeye huwahi.

Alilitoa gamba, akaosha kwa maji ya bahari, hapo sina ugomvi naye. Kisha akachukua kamba ya usumba, mbichi imelowa, akanifunga juu ya kifundo cha mguu, akakaza kwa goti.

"Ili sumu isipande," akasema.

Mimi, msokota kamba wa miaka yote hiyo, nilikuwa najua usumba ukilowa unavimba na fundo lake linajikaza lenyewe. Ndiyo maana watu wa ngalawa wanaupenda. Lakini ganzi ilikuwa imeshafika pale, sikusikia kubanwa, nikaiacha kamba siku mbili nzima. Sumu haikupanda, ni kweli, kwa sababu hata damu haikushuka. Nilipoikata kwa kisu, ilikuwa imeacha mfereji kwenye nyama kama pete iliyokataa kuvulika. Saumu, mshitakiwa wa tatu ni wewe, nimeshakwambia usoni, naandika ili lisisahaulike.

Mshitakiwa wa nne ni Shaibu wa duka la dawa. Shaibu alikuwa akiuza vocha za simu, akabadilisha kibao, akaendelea kukaa kwenye kiti kile kile. Nikaenda nikichechemea, nikamwonyesha. Hakutoka hata nyuma ya kaunta.

"Hiki kidonda kidogo, Bi Mwanasha. Tunakiua leo."

Akanipa vidonge vinne vya rangi mbili. Viwili nimeze. Viwili nivifungue, nimwage ule unga juu ya kidonda, nifunge na kitambaa, nisifungue mpaka kikauke. Nikamuuliza kama kuna haja ya kupima kitu chochote. Akasema kupima ni kwa watu wenye wasiwasi. Ule unga ulifanya ganda zuri jeupe, juu pamekauka, chini panapika. Mnajua wenyewe, ukitaka kitu kioze vizuri unakifunika kisipate hewa. Tulikuwa tumechimba shimo jingine, mimi na Shaibu, na safari hii tulichimba mguuni kwangu.

Ningeweza kwenda zahanati hata hapo. Sikwenda kwa sababu ya shimo langu, la matopeni. Makumbi yangu yalikuwa yatimize muda wake bamvua inayofuata, wiki mbili mbele, na nilikuwa nimeshayanusa: yai viza, bado kidogo. Nikilazwa, nani atafukua? Hakuna. Sheria ni ile ile, shimo linamngoja mwenyewe. Lakini makumbi hayangoji, yakipitiliza yanakuwa mzoga. Basi nikajiambia ningoje bamvua, nifukue, ndipo niende. Nikalala kitandani, mguu juu ya mto, nahesabu siku za mwezi.

Sasa ndipo ile pua niliyowaambia mshike.

Siku ya kumi, mume wangu Athumani, ambaye ni seremala na hutumia siku nzima kwenye harufu ya mbao, aliingia chumbani akasimama mlangoni.

"Mama Rehema, leo harufu imezidi."

"Ni shimo."

"Shimo lenyewe hujaenda wiki nzima."

"Harufu ya makumbi haitoki kwa wiki moja. Wewe umenioa juzi?"

Akarudi kwenye mbao zake. Miaka thelathini amelala na mke anayenuka tope la bahari, angejuaje? Kesho yake mkaja nyinyi kuniangalia, wanne. Sitawataja, mnajijua. Mliingia, mkavuta pumzi, na mmoja wenu akafurahi kabisa: "Hee, Bi Mwanasha, shimo lako limeiva hilo, linanukia mpaka huku!" Na mimi nikatabasamu kwa fahari. Wanawake watano, pua tano zilizofundishwa kazi, tumekaa tunausifu mguu unaooza, kwa kuwa kwetu sisi harufu mbaya ni habari njema. Mtu wa kawaida, muuza vitumbua tu, angetoka nje akapiga kelele.

Nilikuwa sijafungua kitambaa. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, na vidole viwili vilikuwa vimeanza rangi ya bluu, kisha kijani, kisha nyeusi, kama embe linaloanza kuoza kitakoni. Kulikuwa na malengelenge yenye maji meusi. Usiku ule nikashikwa na baridi ya kugonganisha meno, kisha joto. Kulipokucha nilimwambia Athumani amtoe mbuzi chumbani.

"Mbuzi gani?"

"Huyo anayekula neti."

Hatuna mbuzi. Hatujawahi kufuga mbuzi. Athumani akaja, akafunua shuka, akakata kitambaa. Alichokiona alikitazama mara moja tu, akaenda dirishani, akatapika nje, juu ya mchaichai wangu. Nami nikasema, kwa sauti ya Bi Mgeni, "Ulikula?" Nikacheka peke yangu. Siku nyingine mtu akicheka hivyo, msidhani ana moyo mkuu. Ni homa.

Alinipakia kwenye bodaboda, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia. Nesi wa zahanati hakufungua hata daftari. Alisogea hatua tatu, akasimama, akasema, "Tanga. Sasa hivi." Akanichoma sindano moja huku anapiga simu.

Hospitali kubwa ya mjini nilipokelewa na daktari wa kike, Mshambaa, sauti ya taratibu, umri wa binti yangu. Huyu kabla hajautazama mguu aliunusa. Alisimama mlangoni akavuta pumzi kama sisi tunavyofanya, na nikamwamini hapo hapo.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Naozesha makumbi."

"Vizuri. Basi wewe unifundishe. Kumbi ukiliacha juu ya paa, juani, linaozaje?"

"Haliozi. Linakauka, linakuwa jeusi, gumu, linasinyaa."

"Na la kwenye tope?"

"Linaoza lote. Maji yake yananuka, na yakivuja yanakwenda kwa jirani."

"Nyama ya mtu nayo ina njia hizo mbili. Damu ikikatika ikakauka tu, inakuwa ile ya paani. Mbaya, lakini inakaa pale pale, ina mpaka. Ya kwako ni ya tope. Damu haifiki, nyama imekufa, na vijidudu vimeingia humo vinakula na kuzaana. Hii ndiyo tunaiita gangrini ya maji. Haina mpaka. Jana ilikuwa kwenye kidole, leo iko hapa kwenye unyayo, na yale maji yake unayosema yanakwenda kwa jirani, jirani ni damu yako. Ndiyo maana moyo unakimbia hivi. Ndiyo maana hujakojoa toka asubuhi, figo zinazidiwa. Ndiyo maana unamwona mbuzi."

"Mbuzi ameondoka," nikasema.

"Atarudi," akasema. "Na sukari yako, mama, mashine yetu imeshindwa kuisoma kwa jinsi ilivyo juu. Hiyo ndiyo iliyokuchukulia maumivu. Maumivu yangekuleta hapa siku ya kwanza."

Wakanitundikia maji ya dawa mikono yote miwili, wakanichoma sindano ya sukari. Kisha akakaa kwenye kiti, akaniambia lile alilotaka kusema: mguu ukatwe, chini ya goti, leo.

"Kata kidole," nikasema.

"Kidole nilikuwa nakitaka wiki iliyopita."

"Basi kata unyayo."

"Unyayo nilikuwa nautaka juzi. Mama, mimi na wewe hatuko sokoni. Kila unaponipunguzia, uozo wenyewe unapanda. Kesho nitakuomba goti na paja, na kesho kutwa sitakuwa na wa kumwomba."

Nikakataa. Nawaambia ukweli, nilikataa. Mwanamke wa matopeni bila mguu ni nini? Nilifikiri bora nife nikiwa na viungo vyangu vyote, vinukavyo na visivyonuka. Athumani alikuwa amesimama ukutani anakunja na kukunjua kofia yake. Simu yake ikalia. Saumu. Sauti yake ilisikika wodi nzima hata bila spika.

"Kaka, msikubali! Hospitali wakianza kukata hawana breki! Kuna mzee Pangani, ng'ambo ya kivuko, anavuta uchafu kwa pembe, siku tatu mtu anatembea! Mpakieni kwenye gari mje!"

Athumani alinitazama. Niliona kwenye uso wake kwamba ameshafika Pangani, ameshavuka na kivuko, ameshanirudisha nyumbani na miguu miwili. Si mjinga, ila alikuwa anataka mno. Daktari hakubishana naye. Alisema tu, "Kesho saa kama hizi mke wako hataweza kukujibu ndiyo wala hapana. Muulize leo."

Wakanitazama wote wawili. Nikasema, "Nifungulieni."

"Nini?"

"Hiyo bandeji. Nisogezeeni mguu. Nataka kunusa."

Nesi alisita, daktari akamwashiria. Wakaufungua, wakaniinua mgongo, nikajikunja kadiri nilivyoweza. Nikavuta pumzi. Nikafumba macho, nikajisahaulisha kwamba ni wangu, nikaunusa kama ninavyonusa shimo la mtu aliyeniita nimshauri. Jani bichi halikuwepo. Yai viza lilikuwa limepita zamani. Ulikuwa mzoga, mzoga wa siku kadhaa, harufu ile inayokuambia usihangaike kupiga, nyuzi zimekwisha. Hakuna mtu angeweza kunidanganya hapo, si daktari, si mzee wa Pangani. Hiyo ni kazi yangu.

"Nipe simu," nikamwambia Athumani. "Saumu?"

"Wifi! Mnakuja?"

"Wifi, hili shimo langu. Usilifungue."

Nikakata. Halafu nikakumbuka, nikampigia tena. "Na lile la matopeni, nenda kafukue wewe. Nimekupa ruhusa, mbele ya mashahidi. Ni mara moja tu." Alilia. Sijui alililia mguu au furaha ya makumbi.

Waliniletea karatasi nitie sahihi. Darasa lote la nne likanitoka, nikapiga dole gumba.

Nilipozinduka, jambo la kwanza nililoliona si mguu kutokuwepo. Ni harufu kutokuwepo. Chumba kilinuka dawa na chai ya mgonjwa wa jirani, na kichwa changu kilikuwa cheupe kama kimeoshwa. Homa ilishuka siku ya pili. Mkojo ulirudi, na nesi aliushangilia kama mtoto aliyefaulu. Mbuzi hakurudi. Vidole visivyokuwepo vilikuja kuniwasha baadaye, na hivyo vinaniwasha mpaka leo, hasa kukiwa na bamvua. Kile kidole gumba, ambacho kilipokuwepo hakikusikia hata gamba la chaza, sasa hakipo ndio kinajifanya kusikia kila kitu.

Basi sikilizeni, nyie mnaobaki. Vaeni viatu. Kuna vile vya plastiki vya kufunga kisigino, havizami, nimemjaribishia Rehema, na Bi Mgeni hayupo wa kuwagombeza. Mkitoka matopeni ogeni kwa sabuni, halafu mnuse. Harufu ikibaki kwenye kanga, ni ya shimo. Ikibaki mwilini baada ya sabuni, si ya shimo hiyo, usiisifu, na usimwamini mwenzako wa kazi akuambie, maana pua yake imeharibika kama yako. Mwite muuza vitumbua. Geuzeni nyayo zenu kila jioni mzitazame, au mume azitazame, apate na yeye kazi. Kidonda kikivimba, kikibadilika rangi, kikitoa malengelenge au maji yanukayo, na wewe unatetemeka, hakuna kungoja bamvua: hospitali siku ile ile. Kamba ni ya kufungia ngalawa. Unga wa kidonge ni wa kumezwa ukiwa ndani ya kidonge, tena akikuandikia mtu aliyesomea. Na mkiona sisimizi, wafuateni.

Shimo lisilo na mwenyewe halipo. Yangu nimewaachia mgawane, na sheria nimeibadilisha kabla sijaondoka, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kule: mtu akiumwa, shimo lake lifukuliwe na yeyote, apelekewe nyumbani. Hata na Saumu.

Limebaki la mguu wenyewe. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Athumani aliuchukua umefungwa kitambaa cheupe, akasafiri nao mpaka Moa kuuzika. Huko Saumu alilia kwa sauti kubwa kiasi kwamba wanawake wawili wa kijiji cha pili walikuja na unga na nazi, wakijua nimekufa. Walipoambiwa aliyekufa ni mguu, wakatazamana, wakakaa, wakala.

Siku ya tatu Athumani alirudi wodini, amechoka, suruali ina vumbi jekundu.

"Umeuzika?"

"Nimeuzika."

"Wapi?"

"Makaburini kwetu."

"Kwetu ni kukubwa. Wapi hasa?"

Akatazama dirisha. "Palikuwa na nafasi ubavuni mwa mama."

Nilikaa na mama yake nyumba moja miaka tisa. Miaka tisa, kila nikirudi kazini, yule mama alikuwa ananisimamisha mlangoni: nisiingie, nioshe miguu, niirudie tena, katikati ya vidole, nyumba yake si bahari. Alikufa hajawahi kusema imetakata.

"Baba Rehema. Umeulaza mguu wangu na mama yako. Peke yao."

"Ni mguu tu, Mama Rehema."

"Ndio huo huo aliokuwa na ugomvi nao."

Alicheka kwanza, kisha akalia, akaweka kichwa chake pale juu ya shuka ambapo mguu ungekuwa. Daktari alipopita jioni akaniuliza kama nitaweza kumeza dawa zote zile na kujichoma sindano ya sukari maisha yangu yote, maana wengi wakishafika nyumbani wanaacha. Nikamwambia aandike tu. Mguu umetangulia, unamsikiliza yule mama kwa niaba yangu. Mimi niliyebaki sina haraka.